Baiskeli ya Zamani ya Chama: Tuihifadhi au Tuifanye ya Kisasa?

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Mwanza



Nimeagizwa niseme juu ya jambo moja ambalo Halmashauri imelijadili mara tatu bila kulimaliza, nalo ni ile baiskeli nyeusi iliyosimama ghalani karibu na mizani. Najua wako wanaoona kwamba katika siku kubwa kama hii yafaa kusema habari za bei ya pamba, na mbegu, na dawa ya wadudu, wala si habari za baiskeli. Hayo ya bei Bwana Meneja ameyaeleza vema, nami sina la kuongeza. Lakini baiskeli hii ni mali ya wanachama, imeandikwa katika daftari la mali kama mizani ilivyoandikwa, na mali ya wanachama haifai kukaa mwaka hata mwaka bila uamuzi, huyu akitaka iuzwe, yule akitaka ipakwe rangi, na wa tatu akitaka itiwe mota ya umeme.

Kwanza niieleze yenyewe, kwa ajili ya wageni, na kwa ajili ya vijana ambao huipita kila siku bila kuitazama.

Ni Raleigh ya kiume, ya magurudumu ya inchi 28, iliyotengenezwa katika mji wa Nottingham, Uingereza. Umri wake hatuukisii. Haabu ya gurudumu la nyuma, ile yenye gia tatu za Sturmey-Archer, ina chapa ya tarakimu 55, kwa maana kiwanda kile kilikuwa na desturi ya kupiga chapa ya mwaka juu ya haabu zake. Basi haabu ni ya mwaka 1955, na kama gurudumu halikubadilishwa, baiskeli nzima ni ya mwaka huo au karibu yake. Katika miaka hiyo kiwanda cha Raleigh kilikuwa kikitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na nyingi zilivuka bahari kuja nchi kama hizi zetu. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza baiskeli Nottingham mwaka 2002. Lakini sura ya baiskeli ile haikufa, kwa sababu Wahindi na Wachina waliichukua wakaitengeneza wao, na Phoenix, Avon na Hero tunazoziona minadani ni wajukuu wa baiskeli hii.

Mwaka 1955 ni mwaka ambao mkulima wa pamba wa Ziwa hana ruhusa ya kuusahau. Ndio mwaka vyama vikuu vya wakulima wa jimbo hili vilipoungana chini ya jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake yakiwa hapa hapa Mwanza, na kiongozi wake akiwa Bwana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Kabla ya hapo mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mwenye kununua ndiye aliyekuwa mwenye kusoma mizani. Wazee wetu hawakuanza kwa kudai viwanda vya kuchambulia pamba. Walianza kwa kudai kitu kidogo, yaani awepo mtu wao penye mizani, anayejua kusoma tarakimu na kuandika. Vyama vilipokua, mtu huyo alikuja kuwa karani wa chama, na karani hakuweza kuwa penye vituo vyote kwa miguu. Alihitaji baiskeli.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na baiskeli hii. Ilibeba daftari la mizani, risiti na wino. Msimu ulipofika kilele ilibeba na gunia la pamba ya mjane au ya mzee asiye na ng'ombe wa kukokota. Ilipita katika mchanga wa luseni ambamo magurudumu huzama, ikapita katika mbuga ambako udongo mweusi hunata kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Tazameni kwenye uma wa mbele, mtaona mikwaruzo mirefu iliyokwenda juu na chini. Hiyo si ya ajali. Ni alama za kijiti ambacho makarani walikifunga kwenye fremu kwa ajili ya kukwangua matope.

Tena itazameni keria. Hiyo haikutoka Nottingham. Keria ya kiwandani haikustahimili gunia, ikaondolewa, na mhunzi wa kijijini akatengeneza nyingine kwa nondo, akaishikiza hadi kwenye ekseli ya nyuma ili uzito ushuke juu ya gurudumu. Juu ya kifuniko cha mnyororo liliandikwa jina la chama kwa rangi nyeupe, kwa mkono, na mtu ambaye hakuwa fundi wa herufi, maana herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikaandikwa ndogo. Chini ya siti kuna kibati cha leseni ya baiskeli, kilicholika na kutu hata hakisomeki. Fremu ina namba yake, nayo inasomeka.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na havikurudi ila baada ya sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ile ya katikati vitu vingi vya vyama vilitawanyika. Hapa kwetu makabati yalikwenda, mizani ya kwanza haijulikani iliko, na madaftari ya miaka ya 1950 yaliliwa na mchwa. Baiskeli ilisalia kwa sababu mtunza ghala wa wakati ule aliichukua nyumbani kwake, akaiendesha, akaitengeneza kwa fedha zake, na chama kilipopata ofisi tena akairudisha bila kudai hata senti. Mzee huyo ni marehemu. Wanawe wamo humu mkutanoni, nami nawaomba wapokee shukrani zetu.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu.

Katika kikao cha pili cha Halmashauri mzee mmoja alisimama akasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana mmoja akamjibu papo hapo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wakacheka, na kikao kikafungwa. Mimi nami nilicheka, lakini nikaona kwamba methali zimekwisha kupigana zikaangushana, na sasa hakuna budi kuitazama baiskeli yenyewe, kipande kwa kipande, pamoja na fundi.

Maoni ya vijana wetu ni haya: baiskeli itiwe breki za waya, gia nyingi na mota ya umeme, ili itumike kazini na ionyeshe kwamba ushirika unakwenda na wakati. Wanasema, na ni kweli, kwamba karani wa 1955 hakuipenda Raleigh kwa sababu ilikuwa ya kale. Aliipenda kwa sababu ilikuwa ndicho chombo kipya kuliko vyote alivyoweza kupata. Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau. Lakini fundi alipoipima baiskeli, mambo yalionekana hivi.

Breki zake ni za fimbo za chuma, zinazovutwa kutoka usukanini, na raba zake hubana upande wa ndani wa rimu, ule unaoelekea kwenye haabu. Breki za waya hubana ubavu wa rimu. Ubavu wa rimu hii ni wa mviringo, hauna mahali bapa pa kubanwa. Basi mwenye kutaka breki za waya lazima abadili rimu. Akibadili rimu atabadili na spoku. Na rimu za kisasa si za kipimo kile, kwa hiyo na tairi zitabadilika, na gurudumu likiwa dogo zaidi breki haitafika mpaka fremu itobolewe mahali pengine. Penye kranki ni vivyo hivyo. Raleigh ya zamani ilikuwa na hesi zake peke yake, mikato 26 katika inchi moja, ilhali baiskeli nyingine zina 24. Kikombe cha dukani huingia nusu kisha hukwama, na fundi mwenye haraka akikilazimisha kwa spana ndefu, hesi za fremu husagika na hazirudi. Na mota ya gurudumu la mbele huusokota uma kwa nguvu ambayo wenye kuutengeneza hawakuifikiria, nao uma huu ulikwisha kupinda mara moja ukanyoshwa kwa moto.

Kwa hiyo hapana kipande kimoja cha kisasa. Ukiingiza kimoja, kinamwita mwenzake, na wa pili anamwita wa tatu, hata mwisho tunabaki na fremu iliyotobolewa tobolewa iliyobeba vitu vya kigeni, na gharama yake imepita ya baiskeli mpya.

Upande wa pili wako wanaotaka ihifadhiwe, na miongoni mwao wako waliotaka irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Wanataka ipigwe msasa, ipakwe rangi nyeusi ya kung'aa, iwekewe keria ya Raleigh ya kuagizwa, na siti mpya ya ngozi. Watu hawa hujiita wahifadhi, lakini mimi naona wataiharibu kuliko hata vijana wa mota. Maana baiskeli kama ilivyotoka Nottingham si ya kwetu. Huko kiwandani ilikuwa moja katika milioni. Imekuwa baiskeli ya wakulima wa pamba kwa ile keria ya nondo, kwa mikwaruzo ya kijiti, na kwa ile herufi ya mwisho iliyokosa nafasi. Ukivitoa hivyo na kupaka rangi, utapata Raleigh nzuri sana isiyojua kitu. Keria ile ilikuwa mabadiliko ya kisasa ya wakati wake, tena yalifanywa na mtu wetu. Iweje tuyafute ili kuwarudishia Waingereza kazi yao?

Mimi nimejiwekea kipimo kimoja, nacho ndicho ninachowaletea. Nauliza juu ya kila kipande: je, hiki kiliwekwa ili kiishe, au kiliwekwa ili kidumu? Tairi, mpira wa ndani, raba za breki, mnyororo, gololi na grisi viliwekwa ili viishe. Makarani walivibadili mara nyingi, na baiskeli haikuacha kuwa ile ile. Tukivibadili leo hatumkosei mtu. Tena kwa bahati njema tairi za inchi 28 kwa 1½ bado zatengenezwa India kwa ajili ya baiskeli za namna hii, na sehemu za haabu za Sturmey-Archer zatengenezwa Taiwan, baada ya kazi hiyo kuhamia huko mwaka 2000. Lakini fremu na namba yake, rangi iliyosalia, maandishi ya jina la chama, keria, kibati cha leseni, na haabu yenye chapa ya 55, hivyo vikitoka vimetoka. Hakuna duka linalouza mikwaruzo ya mbuga ya mwaka 1955.

Huenda mtu akauliza, je, hakuna sheria ya kuilinda? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Baiskeli haimo katika hesabu hiyo. Mlinzi wake ni Mkutano Mkuu huu.

Juu ya kuiuza nitasema kwa ufupi. Alikuja mtu kutoka mjini akatoa bei ya kununua baiskeli mpya mbili za Kihindi. Bei hiyo si mbaya. Wajumbe walipomuuliza ataifanyia nini, alisema ataisimamisha katika hoteli, imepakwa rangi na kujazwa maua kwenye keria. Halmashauri ilimpa chai na kumsindikiza.

Wengine wamependekeza ipelekwe Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Hili ni shauri jema kuliko yote yaliyotangulia, na nani asiyejua jinsi ngoma za watemi zilivyotunzwa pale, na lile jumba lenye umbo la kiti cha enzi? Lakini ngoma zile zilipelekwa Bujora wakati utemi ulikuwa umekwisha kuondolewa. Chama chetu bado ki hai, kina mizani, kina ghala, na kila msimu wakulima hupita mlangoni na magunia yao. Kitu cha kazi hii kikae mahali pa kazi hii. Siku ghala letu likikosa paa au chama kikikosa watu, ndipo tuikumbuke Bujora, na heri jambo hilo liandikwe tangu sasa ili baiskeli isihitaji tena kufichwa nyumbani kwa mtu.

Limebaki neno la mzee mmoja, mwanachama wa zamani sana, ambaye aliwahi kuiendesha baiskeli hii alipokuwa karani msaidizi. Yeye hakutaka rangi, wala mota, wala Bujora. Alisema, "Mwanangu Katibu, baiskeli isiyobeba ni mfupa. Mnataka kuniwekea mfupa ghalani niuamkie?" Maneno hayo yamenisumbua kuliko hoja zote. Ni kweli kwamba chombo kisichotumika hufa kwa namna yake. Huku ziwani hewa ina unyevu. Grisi hukauka ikawa kama nta, tairi iliyosimama mahali pamoja hupasuka ubavuni, na kutu huanza ndani ya bomba ambako jicho halifiki. Lakini ni kweli pia kwamba uma ule uliokunjuliwa kwa moto hautabeba tena mtu na gunia katika barabara ya makorongo, na mimi sitatia sahihi karatasi ya kumpandisha kijana juu yake. Nilimjibu mzee kwamba ikokotwe. Kila mwaka ununuzi wa pamba unapofunguliwa, itolewe, ifungwe gunia la kwanza la pamba safi juu ya keria ya nondo, ikokotwe kwa mikono kutoka mlangoni mpaka penye mizani. Alinyamaza kidogo, akauliza ni nani atakayeshika usukani. Nikamwambia kwamba ni yeye, akiwa na nguvu. Hakukataa.

Namna ya kuitunza, fundi amekwisha kunieleza, nami nawasomea ili hata mwenye baiskeli ya baba yake nyumbani ajifunze. Msasa usitumike kamwe. Rangi isafishwe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta mepesi. Penye kromu iliyoota kutu, karatasi ya fedha ya kufungia chakula, ikilowanishwa maji, huiondoa kutu bila kuikwaruza kromu yenyewe. Mnyororo upimwe kwa rula: pini hadi pini, vipande 24 huwa inchi 12 kamili ukiwa mpya, vikifika inchi 12 na thumni moja umekwisha, nao ukiachwa utakula meno ya gia. Gia kubwa ya Raleigh yetu ni ya asili, basi hapa uchumi na hifadhi vinasema neno moja. Baiskeli iinuliwe juu ya kigogo ili tairi zisiguse sakafu. Kila kitakachotolewa, hata raba ya breki iliyokwisha, kitiwe katika sanduku pamoja na karatasi yenye tarehe na jina la aliyekitoa.

Na kazi ya chama? Vijana hawakukosea kusema kwamba mtunza ghala anahitaji chombo. Wenyeji wa Sengerema wanajua kwamba tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, mtu hupita juu ya maji kwa pikipiki pale ambapo zamani aliingojea feri huku ameishika baiskeli yake. Wakati umebadilika, nasi hatukatai. Lakini mafuta ya pikipiki yamekula fungu la safari la mwaka huu kabla msimu haujafika nusu, na kutoka ghalani hadi vitongoji vyetu hakuzidi mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Zile fedha ambazo Halmashauri ilizitenga kwa ajili ya kuifanya Raleigh ya kisasa zinatosha kununua baiskeli mpya ya Kihindi ya inchi 28, yenye keria nzito, na kubaki na akiba ya kununua tairi, mnyororo na raba za breki kwa zote mbili, maana kipimo chao ni kimoja. Kama vijana wanataka kujaribu mota ya umeme, waijaribu juu ya ile mpya. Ikiharibika tutapoteza baiskeli moja ya dukani.

Bwana Mwenyekiti, hoja niliyoiandika inasema hivi. Kwamba baiskeli ya mwaka 1955 isiuzwe, isipakwe rangi, isitobolewe wala kuunganishwa kwa moto, isipokuwa kwa kura ya Mkutano Mkuu. Kwamba vipande vya kuisha vibadilishwe, na vya kudumu visiguswe. Kwamba baiskeli mpya inunuliwe kwa ajili ya mtunza ghala, na jina la chama liandikwe juu yake kwa rangi nyeupe. Kwamba daftari dogo lifunguliwe, na wazee wote waliowahi kuiendesha ile ya zamani waje waseme waliyoyaona, Katibu ayaandike, kabla ya msimu ujao. Nakala ya hoja iko mezani kwako, na wa kuiunga mkono amekwisha kuinua mkono wake huko nyuma.